Makengeza ya Bedifodi

Lipingo,
9 Julai 1995

Mama yangu mdogo Edina,

Naanza na salamu kama adabu inavyotaka, ingawa najua wewe husomi salamu, unaziruka kwenda kwenye habari. Haya, ruka: sisi wazima. Baba yako mzima, mama yako Vitalia ana kikohozi chake cha moshi wa kukaushia dagaa wa usipa, kile cha kila mwaka. Bibi uliyerithi jina lake, yule mama yangu aliyenifanya nikuite mama hata wewe, anasema umesahau Kinyasa huko Mbinga. Nimemwambia Kinyasa hakisahauliki, kinalala tu.

Sasa habari. Lile lori Bedifodi la ushirika, lile lililolala nyuma ya ghala kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, ni la baba yako. Ndiyo, la Raimundi! Ushirika umeuza magari yake, na siku hizi kahawa inanunuliwa na yeyote mwenye kibali. Mzee Hamidu, yule mwenye duka hapo Mbinga, amepata kibali, na amemwahidi baba yako kubeba kahawa ya Kingerikiti na Mpepai msimu mzima. Sharti lake gari libebe sana na lisiburuze tumbo kwenye mawe. Basi mimi, fundi wa ukoo, nimeliinua. Nimeongeza vipande viwili vya springi kila upande wa mbele, na sasa limesimama kifua juu kama beberu.

Shida ni moja. Katika kuliinua nililazimika kufungua ile fimbo ndefu inayofunga tairi mbili za mbele ziende pamoja. Nimeirudisha, lakini kipimo chake sikijui. Tairi za mbele hazikai sawasawa kama reli, hilo najua tangu nilipokuwa naosha spana za watu gereji. Lazima zipinde kidogo. Zinapinda upande gani na kwa kiasi gani, imeandikwa katika kitabu cha gari, na kitabu ni Kiingereza kitupu. Nimekuchania ukurasa wenyewe. Kona moja wameila panya wa ushirika, uwasamehe.

Kiingereza changu kinaishia kumwamkia mwalimu. Wewe ni Kidato cha Tatu. Tuambie kwa Kiswahili: tairi zitazame wapi? Baba yako ametangaza Lipingo nzima kwamba gari lake litanyooshwa na binti yake. Hatutembei mpaka ujibu.

Wale wasichana bado wanakuita lile jina? Wapuuze. Jicho ni lako.

Mimi Baba Mdogo,
Othmar


Mbinga,
16 Julai 1995

Baba Mdogo, shikamoo.

Barua nimeipata kwa kondakta, na ukurasa haukukunjika. Nimefurahi Baba kupata gari.

Ukurasa unasema "toe-in", robo inchi. Toe ni kidole cha mguu. Maana yake kwa Kiswahili ni kwamba tairi za mbele ziwe na makengeza kidogo, robo inchi, zisitazame mbele moja kwa moja. Picha nayo inaonyesha hivyo. Nimemwuliza pia mwalimu wetu wa fizikia, Mwalimu Bernadi, naye amesema ni sahihi.

Lile jina wanaendelea nalo. Siku hizi mtu akiuliza saa ngapi, mmoja ananitazama usoni, anasema, "Saa tatu na robo!" wote wanacheka. Mshale mmoja huku, mwingine kule. Nimezoea.

Msalimie Bibi, mwambie Kinyasa changu kimelala ubavu mmoja tu.

Mwanao,
Edina


Lipingo,
6 Agosti 1995

Mama mdogo,

Ungeona siku ya kupima ungecheka mpaka ulie. Nilimweka baba yako mbele ya gari na kamba, mimi chini na chaki, tukatia alama kwenye tairi. Nikamsomea barua yako. Nilipofika kwenye makengeza akasema, "Basi zitazame ndani. Makengeza ni macho kutazama pua." Nikamwambia, "Raimundi, umelea kengeza nyumbani kwako miaka kumi na sita, hujui linatazama wapi?" Nikamwambia mtoto ameandika neno hilo kwa sababu anajua tutakumbuka uso wake. Akakaza kamba, akasema, "Weka kama mtoto."

Tumeweka nje, robo inchi, kama jicho lako. Usikasirike. Mimi niliona umetupatia kitu ambacho huwa humpi mtu.

Gari linafanya kazi, safari tano mpaka sasa. Ila lina tabia. Linanusa njia kama mbwa mgeni. Likiona mfereji linataka kuingia, ukilirudisha linavuka kwenda mfereji wa pili. Baba yako anasema springi bado ngeni, zitazoea. Mimi kinachonisumbua ni tairi. Ukipitisha kiganja ukingo wa ndani, mpira umeliwa, umesimama vipele kama msasa. Kwa wiki tatu tu! Ule ukurasa unasema lolote juu ya hilo? Mwulize tena Mwalimu Bernadi wako.

Na jambo jingine, la kwako peke yako: tangu Pasaka sijagusa pombe ya ulanzi. Hata harusini kwa Antoni nilikunywa uji. Watu wanacheka, wanasema nitarudi. Wewe usicheke.

Othmar


Mbinga,
18 Agosti 1995, Ijumaa

Baba Mdogo,

Usiliache gari liondoke. Soma hili kwanza, shikamoo itakuja baadaye.

Mbele pawe pembamba kuliko nyuma. Pima kwa kamba nafasi iliyopo kati ya tairi mbili upande ule unaotazama njia, kisha pima upande wa nyuma unaotazama dereva. Upande wa njia upungue robo inchi. Mmeweka kinyume. Tairi zikae kama miguu ya mtu anayeona haya, vidole gumba vikitazamana. Tairi zikiliwa ukingo wa ndani ndiyo dalili yenyewe, amesema Mwalimu Bernadi. Mwambie Baba asilipeleke popote, hata Mpepai, mpaka ugeuze.

Sasa shikamoo. Nina la kukuambia.

Sikumwuliza Mwalimu Bernadi. Nilikuandikia kwamba nimemwuliza, lakini nimemwuliza leo, saa nne asubuhi. Ile ya Julai ilikuwa uongo.

Kona waliyoila panya ndiyo iliyokuwa na mshale wa kuonyesha wapi ni mbele. Pichani tairi mbili zimekaribiana upande mmoja, lakini upande huo ni wa mbele au wa nyuma, sikujua. Nikafungua kamusi, ikanipa kidole cha mguu. Kidole cha mguu kinaingia ndani, ndani ya nini? Nikajua kwamba sijui. Halafu nikafikiria Baba alivyotangaza Lipingo nzima.

Nikatafuta neno. Baba Mdogo, kengeza ninalijua kuliko mtu yeyote. Liko la kutazama pua, na liko la kutazama nje kama langu, na yote mawili jina lake ni moja. Ndiyo maana nililichukua. Nilisema moyoni, mkiweka ndani nitakuwa nimesema ndani, mkiweka nje nitakuwa nimesema nje. Hakuna atakayenikamata. Wewe ukaona nimekupa uso wangu. Nilikuwa nimejificha nyuma yake.

Barua yako ya pili ilifika Jumatano tarehe tisa. Niliposoma "kama jicho lako" nilirudia mstari huo. Nilihisi palepale kwamba Baba ndiye aliyesema kweli. Lakini kuhisi siyo kujua, na wa kunipa kujua alikuwa Mwalimu Bernadi, na kwenda kwake ni kugonga mlango wa ofisi ya walimu, kuingia, kumtazama usoni na kuuliza. Mimi nikimtazama mtu, anageuka nyuma kuona namtazama nani. Yeye mwenyewe aligeuka hivyo mwaka jana, darasa zima likacheka, naye akacheka. Kila siku nilifika mpaka kwenye ngazi ya ofisi. Siku tisa.

Kuna baya zaidi. Jumamosi tarehe kumi na mbili Baba alipita hapa na gari. Alipiga honi getini, nikaruhusiwa kutoka. Alikuwa ameniletea usipa kwenye kopo la maziwa. Nilisimama karibu na tairi. Niliona vipele vile kwa macho yangu, ukingo wa ndani, kama ulivyoandika. Nilisema shikamoo, nikasema ahsante, nikasema msalimie Mama. Basi. Wasichana walikuwa madirishani, nami nikawa namtazama Baba viatu. Akawasha gari akaondoka.

Leo Mwalimu Bernadi hakucheka. Alichukua vipande viwili vya chaki, akavilaza mezani, akavisukuma vikakaribiana mbele. "Hivi," akasema. Dakika moja haikwisha. Halafu akaniuliza, "Hilo tu? Mbona hukuja mapema?"

Barua hii nampa kondakta jioni hii. Nijibu upesi hata neno moja.

Edina


Lipingo,
27 Agosti 1995

Mwanangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Baba yako alikuwa na siku sita kitandani.

Yuko hai. Nimetanguliza hilo usije ukaruka mistari. Ni mguu wa kulia, chini ya goti, umevunjika pawili. Wamemfunga plasta na wamemruhusu kulala nyumbani.

Ilikuwa Jumanne, sikukuu ya Mama Maria kupalizwa mbinguni. Alisali misa ya kwanza, akapakia magunia Kingerikiti. Kwenye kona za kushuka gari likanusa mfereji wa kushoto, akalivuta kulia, likaenda kulia kuliko alivyoomba, likashuka kwenye shamba la mahindi la watu. Alikuwa peke yake, Mungu alitaka hivyo. Magunia yalipasuka, kahawa ikamwagika mpaka mtoni. Mzee Hamidu amechukua gari jingine, hakugomba hata kidogo, alikuja na sukari kumwona mgonjwa. Lakini msimu kwetu umekwisha.

Watu wana maelezo yao. Wa kanisani wanasema ni kubeba mizigo siku ya Mama Maria. Baba yako ana lake. Nilipokwenda kumpa pole alisema mbele ya watu, "Ulifunga gari langu umelewa." Nikasema kaka, sijanywa tangu Pasaka. Akasema, "Mlevi huwa anahesabu toka Pasaka." Wakacheka wale waliokuja kumpa pole. Tangu hapo hasemi nami. Nikiingia anageukia ukutani, plasta na yote.

Sasa sikiliza. Barua yako nimeichoma kwenye jiko la mama yako, yeye hajui ilikuwa nini. Hukuandika, sikusoma. Fundi ni mimi, spana ilikuwa mkononi mwangu. Fundi mzima huendesha gari hatua hamsini halafu akaangalia tairi zake, hangoji barua. Wiki tatu nilisugua vipele vile kwa kiganja nikiona ni jambo la kumwandikia mtoto.

Na wewe mfahamu baba yako. Alipinga wewe kwenda sekondari, akakubali kwa sababu nilimsumbua. Ukimwambia, atasema Kiingereza ndicho kilichomvunja mguu, na Januari utakuwa hapa unaanika usipa. Mimi jina la ulevi nimelivaa miaka kumi, naweza kulivaa tena, halijanibana. Wewe soma.

Usijibu barua hii.

Othmar


Mbinga,
10 Septemba 1995

Baba, shikamoo.

Pole kwa mguu. Nimejua muda mrefu sasa, na nilipaswa kuandika siku ileile.

Baba, isome hii mwenyewe, hata kama utachelewa. Usimpe mdogo wangu Hilda akusomee, bado mtoto, na usimpe Mama kabla hujamaliza.

Baba Mdogo hakuwa amelewa siku mliyopima. Aliweka tairi kama barua yangu ilivyosema, na barua yangu haikusema kitu. Sikujua tairi zinatazama wapi. Niliona haya kuandika kwamba sijui, nikaandika makengeza. Nikaongeza kwamba mwalimu amekubali, na mwalimu sikuwa nimemwuliza. Wewe ulisema zitazame pua. Ulikuwa sahihi. Kama ningenyamaza kabisa, ungeweka ulivyosema, na ungekuwa unatembea.

Na siku uliyokuja getini nilikuwa tayari nina wasiwasi. Niliziona tairi, nikanyamaza tena. Siku tisa kwa jumla nilikaa na wasiwasi huo kabla ya kumwuliza mwalimu.

Baba Mdogo ananificha. Amenikataza nisikuambie, akisema utaniondoa shule. Labda utaniondoa. Nimekaa na jambo hili mpaka nimeona kwamba shule ninayoipata kwa njia hiyo nitakuwa nimekaa ndani yake kama mwizi. Nikirudi nitaanika usipa, sitanung'unika. Ila umwite Baba Mdogo ale na wewe. Yeye ameacha kweli. Aliniandikia hilo kabla ya ajali, wakati hakuwa na sababu ya kujitetea.

Kipimo nakiandika hapa tena, kwa maneno ambayo hayana upande wa pili: tairi za mbele zikaribiane mbele. Robo inchi.

Usipa ulioniletea niliula wote, sikumgawia mtu. Nilikuwa nakula huku nalia, wasichana wakadhani ni pilipili.

Mwanao,
Edina Raimundi


Lipingo,
8 Oktoba 1995

Binti yangu Edina,

Anayesema ni mimi baba yako. Anayeandika ni Othmar, kwa sababu mkono wangu umezoea usukani, kalamu unaikunja. Nimemwambia aandike ninavyosema bila kuweka utani wake.

(Sijaweka. O.)

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kwa kidole, siku mbili. Halafu nimekaa nayo wiki tatu bila kumwambia mtu. Wewe siku tisa, mimi wiki tatu. Sasa naona umeyatoa wapi.

Kwanza iandikwe kwamba mimi nilisema pua.

Pili, lile geti. Nilikuja siku ile kukuuliza. Toka Kingerikiti nilikuwa napanga maneno: mwanangu, gari linakataa, kile kitabu kinasemaje sawasawa? Ukatoka, ukanipa shikamoo, ukainamia tairi. Wenzako madirishani wanatazama. Nikasema moyoni, mtoto anaona haya kwa baba anayenuka usipa na gari la kuku. Nikakupa kopo nikaondoka haraka nisikuaibishe mbele ya watu. Ningekuuliza, ungenijibu? Mimi sijui. Wewe unajua, na sitaki uniambie.

Mguu. Plasta niliikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma kabla ya siku yake, mama yako akipiga kelele. Nilitaka kulitazama gari. Basi mguu umeunga vibaya, unyayo unatazama nje. Robo inchi, labda na zaidi. Nikisema niende kanisani naelekea kwenye pamba za watu.

(Hakuna pamba hapa, anataka ucheke. O.)

Gari limevutwa mpaka nyumbani. Jana nilikaa kwenye kigoda nikashika ncha ya kamba, huyu anayeandika akashika ncha nyingine. Tumeweka ulivyosema. Tumelipeleka mpaka Lipingo shuleni na kurudi, yeye akiendesha. Linakwenda kama limepewa amri. Tairi zimenyooka kwa nusu saa, na huu mguu ndio basi.

Shule huachi. Nililetewa habari kwamba ningekuachisha. Nilifikiri hivyo, ni kweli, Jumatatu na Jumanne. Jumatano nikasema, mtoto aliyeniandikia barua hii nani atamfundisha hapa? Ila ukiwa hujui, andika "sijui". Ni neno fupi, hata mimi naweza kulisoma bila kidole.

Sasa Othmar andika: Baba yako mdogo hakuwa amelewa.

(Nimeandika. Mama mdogo, tangu Agosti hajaniambia neno zaidi ya haya anayoniambia niandike. Jana kwenye kamba alikuwa anaonyesha kwa kidevu. Sasa amesema niandike tena, anataka kuona linavyokaa kwenye karatasi.)

Baba yako mdogo hakuwa amelewa.

(Amechukua kalamu.)

NJOO LIKIZO. UTATEMBEA KULIA KWANGU. MGUU UNAVUTA HUKO.

RAIMUNDI